TAHADHARI: Maboksi ya spika za besi yenye lebo za uongo, Malindi hadi Lamu

Wapiga besi wa bendi za hoteli, wenzetu wa taarab, na nyinyi mnaosimamia vyombo makanisani: kuna muuzaji anayezunguka Malindi na Watamu, na sasa ameshafika Lamu, akiuza maboksi ya spika ya kuongezea kwenye ampu ya besi. Kwa macho yanapendeza. Zulia jeusi limebandikwa vizuri, kona za chuma, wavu mbele, na nyuma kuna lebo iliyochapishwa safi: wati 500, omu 8. (Omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme: zikipungua, ampu inabeba mzigo mkubwa zaidi.) Usilipe hata shilingi kabla boksi halijafunguliwa na kupimwa mbele yako.

Mimi ni fundi wa vyombo vya muziki hapa Malindi, na ampu zilizounguzwa na maboksi haya zinaletwa mezani kwangu. Jina la mtu huyu sitalitaja, na namba za simu anabadilisha. Kitakachowasaidia ni kuijua mali yake mkiiona.

Boksi la kwanza kulifungua lilikuwa la kijana anayepiga besi katika kikundi cha taarab cha Amu, yaani Lamu. Lebo inasema omu 8. Ndani kulikuwa na sabufa moja ya gari (spika ya sauti nzito tu) ya omu 4, na nyuma ya sumaku yake ndogo pamegundishwa kifuniko cha plastiki ili ukichungulia kwenye tundu la hewa uone sumaku nene. Lililofuata lilikuwa na spika mbili za inchi 10, kila moja ya omu 8 kweli, lakini zimefungwa sambamba, yaani kila moja imeungwa moja kwa moja kwenye nyaya zile zile mbili, kwa hivyo boksi zima ni omu 4. Lebo ilikuwa ile ile.

Ubaya wa uongo huu ni mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Katika ampu nyingi za besi zenye spika yake ndani, jeki ya spika ya nje imeungwa sambamba na spika ya ndani. Ikiwa ya ndani ni omu 8 nawe ukachomeka boksi la omu 8, jumla inashuka kuwa omu 4, na hapo ndipo ampu nyingi zinapoishia. Fender Rumble 500, kwa mfano, hutoa wati 350 kwa spika zake za ndani za omu 8, na hufika wati 500 ukiongeza boksi la omu 8, kwa kuwa jumla ni omu 4. Mtengenezaji amekupa nafasi hiyo kwa makusudi. Lakini ukichomeka boksi la omu 4 lililoandikwa 8, jumla inaanguka hadi omu 2.7 hivi, nawe hujui.

Hebu tupige hesabu. Tuseme ampu inasukuma volti 20. Kwenye omu 8 zinapita ampea 2.5, yaani wati 50. Kwenye omu 4 ni ampea 5 na wati 100. Kwenye omu 2.7 ni ampea 7.5 na wati 150, na ampea zote hizo zinapita kwenye transista za mwisho ambazo hazikuundwa kwa mzigo huo. Wala wati hizo hazigawanywi sawa: spika ya ndani inapata 50, na lile boksi la uongo, lenye koili dhaifu (ule waya uliozungushwa ndani ya spika), linakula 100. Ampu za kisasa zenye ulinzi hujizima katikati ya wimbo. Za zamani, transista inapiga shoti, umeme mnyoofu (DC) unaingia kwenye koili ya spika, nayo inaungua. Mtu aliyekuja kuongeza sauti anaondoka hana ampu wala spika, na harusi bado inamsubiri.

Muuzaji mwenyewe anajua haya yote, na ndiyo maana anakuonyesha boksi kwa ampu yake tu, akipiga muziki wa simu kwa sauti ya chini. Kwa sauti hiyo hata omu 2 haitaleta shida pale pale. Moto unakuja baadaye, umeshafungua sauti, joto la ukumbi limepanda na mmepiga saa nzima bila kupumzika. Ukimwuliza kuhusu omu anakujibu, "Soma mwenyewe, mwanangu, imeandikwa." Ukimwambia ulete ampu yako mjaribu pamoja, ana safari. Nawaomba sana, hapo pawe mwisho wa mazungumzo. Muuzaji wa haki hana sababu ya kuikataa ampu yako.

Kupima si kazi ya fundi peke yake. Chukua mita ya kawaida, ile ya bei nafuu iliyo kwenye kila duka la vifaa vya umeme, uiweke kwenye omu 200. Kwanza gusanisha ncha zake mbili uone nyaya zenyewe zinasoma ngapi, kisha utoe kiasi hicho kwenye hesabu yako. Chomeka waya wa spika kwenye boksi peke yake, bila ampu, upime ncha ya pili. Boksi la omu 8 halitasoma 8 kamili, litasoma kama 5.5 hadi 7, maana mita inapima koili tu kwa umeme mnyoofu. La omu 4 litasoma kama 3 hadi 3.6. Ukiona 3 na lebo inasema 8, umeshapata jibu. Baada ya hapo shika bisibisi, toa kibao cha nyuma au spika yenyewe, uangalie kilichomo. Akikuzuia, mali ibaki kwake.

Bisibisi ni ya lazima hata omu zikiwa sawa, kwa sababu ya ile sabufa ya gari. Uzi mzito wa besi ya nyuzi nne hutoa mvumo wa hezi 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde, lakini sikio linaitambua noti kwa sauti za juu yake, mamia ya hezi na hata elfu kadhaa. Sabufa ya gari haifiki huko. Utasikia mtikisiko kifuani na watu watasema besi ni nzito, lakini mwimbaji anayekutegemea umshikie njia hatasikia noti. Kwa taarab, ambako besi inatembea na kujibizana na kinanda, huo ni msiba.

Wati 500 za kwenye lebo msizihesabu. Ulizeni wati za RMS, zile ambazo spika inaweza kuzibeba kwa mfululizo. Zile za PMPO ni namba za kuuzia redio.

Na tena kuna waya. Huyu bwana anakupa waya wa bure wa kuunga boksi na ampu, na kila niliouona ni waya wa gitaa, wenye uzi mmoja mwembamba katikati na wavu wa kuuzunguka. Waya huo ni wa mawimbi madogo ya gitaa. Ukipitisha ampea 5 au 7 unapata joto na unaweza kupiga shoti, na shoti ndiyo inayoua ampu. Waya wa spika una nyaya mbili nene zinazolingana, na ikiwa vyombo vyako vina tundu za Speakon (plagi maalum za spika zinazozungushwa zikajifunga), tumia hizo.

Wenzetu wa Amu ndio ninaowahofia zaidi. Wanaambiwa watume nusu ya pesa kwa M-Pesa, mzigo upandishwe basi hadi Mokowe, kisha boti. Mzigo unafika kweli, lakini simu haishikwi tena. Huduma ya kurudisha pesa ni ya aliyekosea namba, na hapa pesa imekwenda kwa namba ile ile uliyoikusudia. Kama mna jamaa au fundi Malindi, aende alifungue boksi na alipime kabla hamjatuma chochote.

Aliyekwisha kununua asilichomeke tena. Lipimwe kwanza. Piga picha ya lebo, ya mita ikisoma, na ya spika iliyo ndani, kisha uhifadhi ujumbe wa M-Pesa na mazungumzo yote ya WhatsApp. Sheria ya uuzaji wa bidhaa ya Kenya inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo, na Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai ya hadi Sh1,000,000, ambapo unaweza kujisimamia bila wakili. Polisi pia waandikishiwe, maana malalamiko yakifika mengi ya mtu mmoja, hayatachukuliwa kuwa ugomvi wa bei.

Boksi lenye spika mbili za omu 8 zilizofungwa sambamba halijapotea. Zikifungwa kwa mfululizo, umeme ukipita moja kisha nyingine, linakuwa omu 16, na hapo linaweza kukaa pamoja na spika ya ndani ya omu 8 bila kuiumiza ampu, ingawa litatoa sauti ndogo. Nileteeni, nitalifunga upya bila malipo. Lile la sabufa ya gari litoe spika, ubaki na mbao.