Kutoka Darasani hadi Wodini: Tathmini ya Kozi ya Uuguzi

Anayetafuta kozi ya uuguzi kwa kawaida huonyeshwa kwanza majengo, kisha vifaa, na mwisho orodha ya masomo. Vyote hivyo vina maana yake, lakini havimwambii jambo analohitaji kulijua kuliko yote, yaani namna kozi itakavyomvusha kutoka kwenye daftari hadi kwenye kitanda cha mgonjwa. Tathmini hii inahusu kozi ya miaka mitatu niliyoisoma katika chuo ambacho sitakitaja, na ambayo sasa ninaiona kutoka upande wa pili, kwa kuwa wanafunzi wake huletwa katika wodi ninayofanyia kazi. Kwa maoni yangu nadharia yake ni imara na chumba chake cha mazoezi ni kizuri kuliko nilivyotarajia. Udhaifu wake mkubwa uko katika wiki za mwanzo za wodini, wakati ambao mwanafunzi ana haja kubwa zaidi ya kuwa na mtu aliye karibu naye.

Mwaka wa kwanza ni wa darasani kwa sehemu kubwa. Anatomia, fiziolojia, mikrobiolojia, lishe, saikolojia na maadili ya uuguzi hufundishwa kwa mpangilio unaoeleweka, na wakufunzi wengi wana desturi njema ya kumaliza kipindi kwa swali la kazi: ukimkuta mgonjwa mwenye hali hii, utaanza kutazama nini? Famakolojia ndiyo iliyofundishwa kwa kukaririsha, dawa baada ya dawa, madhara baada ya madhara. Matokeo yake yanaonekana wodini, ambako mwanafunzi hutaja makundi ya dawa za moyo bila kusita, lakini hakumbuki kwamba kabla ya kumpa mgonjwa digoksini anapaswa kwanza kuhesabu mapigo ya moyo kwa dakika nzima.

Hesabu za dawa nazo zilifundishwa vizuri, ila ziliishia kwenye karatasi. Lita moja ya maji ya dripu inayotakiwa kuisha ndani ya saa 8, kwa mpira unaotoa matone 20 kwa kila mililita, inahitaji matone 42 hivi kwa dakika, na jibu hilo karibu kila mwanafunzi hulipata. Kinachobaki kujifunzwa ni kusimama mbele ya dripu ukiwa na saa mkononi, kuhesabu matone kwa dakika kamili, kusogeza kile kigurudumu cha kurekebishia kasi, kuhesabu tena, na kisha kurudi baadaye kwa sababu mgonjwa amekunja mkono na kasi imebadilika. Kozi ingeweza kutundika dripu halisi chumbani na kumtaka mwanafunzi aipangie kasi hiyo hiyo aliyoikokotoa, jambo ambalo halihitaji kifaa chochote cha gharama kubwa.

Chumba cha mazoezi ndicho kilichonifurahisha zaidi. Wazo la kujifunzia uuguzi kwenye mdoli si geni. Mdoli wa kwanza wa aina hiyo unaojulikana, wenye ukubwa wa mtu mzima, ulitengenezwa Marekani mwaka 1911 na Martha Jenkins Chase, aliyekuwa mtengenezaji wa wanasesere, kwa ajili ya wanafunzi wa uuguzi wa hospitali moja ya mji wa Hartford. Midoli ya chuo chetu ilikuwa ya kawaida, mingine imechakaa kwenye viungo, lakini wakufunzi walijua kuitumia. Mwanafunzi haruhusiwi kugusa mdoli kabla ya kuusalimu, kujitambulisha, kueleza anachotaka kufanya na kuomba ridhaa. Mwanzoni darasa zima hucheka. Baada ya muda maneno hayo hutoka yenyewe, na nimeona wodini kwamba wanafunzi waliozoezwa hivyo hawamfunui mgonjwa shuka bila kusema neno.

Kilichonivutia pia ni uvumilivu wa kurudia mambo madogo. Kunawa mikono kwa maji na sabuni kunapaswa kuchukua sekunde 40 hadi 60 kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, na kusugua kwa dawa yenye alkoholi sekunde 20 hadi 30. Mkufunzi wetu alisimama na saa, na aliyemaliza mapema alianza upya. Kuvaa glavu tasa kulifundishwa kwa namna hiyo hiyo: glavu ya kwanza hushikwa kwenye pindo la ndani kwa vidole vitupu, ya pili huinuliwa kwa vidole vyenye glavu vikiingizwa chini ya pindo lake la nje, na ngozi ikigusa upande wa nje mahali popote, jozi hiyo inatupwa. Hakuna aliyeruhusiwa kusema kwamba amegusa kidogo tu. Kuna watu waliouona ukali huo kuwa wa kupita kiasi, nami siungi mkono malalamiko hayo, kwa sababu mkono uliozoea kufanya jambo kwa usahihi huendelea hivyo hata akili inapokuwa na wasiwasi.

Hata hivyo, mdoli una mipaka yake, na kozi haikuisema mipaka hiyo kwa uwazi wa kutosha. Mshipa wa mkono wa plastiki unakaa palepale siku zote, na tundu la mazoezi ya jana linakuonyesha pa kuchoma leo. Mshipa wa mzee hukimbia chini ya sindano usipoikaza ngozi, na wa mgonjwa aliyepungukiwa maji hunywea hata ukakosa wa kuushika. Mdoli haukunji uso, hauulizi kwa nini unatetemeka, wala hauna binti aliyesimama pembeni akifuatilia kila unachofanya.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa kuhesabu pumzi. Darasani tunafundishwa kwamba mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, na kwenye mdoli wa kielektroniki idadi huwekwa na mkufunzi, mwanafunzi akaisoma kifuani bila shida. Wodini mwanafunzi humwambia mgonjwa, "Mama, sasa nahesabu unavyopumua," na tangu hapo mama huyo anapumua kwa kujitazama, na idadi inayoandikwa kwenye chati si yake tena. Muuguzi mzoefu hushika kifundo cha mkono kama anayeendelea kupima mapigo, macho yake yakashuka kifuani, na mgonjwa asijue kipimo kimoja kimekwisha na kingine kimeanza. Ujanja huu mdogo umo vitabuni, lakini sijamwona mwanafunzi aliyeushika kabla ya kusimama kando ya muuguzi anayeufanya.

Simaanishi kwamba mazoezi ya kuigiza ni ya kupotezea muda. Utafiti mkubwa uliofanywa na baraza linalounganisha bodi za uuguzi za Marekani, na kuchapishwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba hata nusu ya saa za mafunzo ya wodini inaweza kubadilishwa kuwa mazoezi ya kuigiza bila matokeo ya mwisho ya wanafunzi kushuka. Wanaopenda kuutaja utafiti huo huacha sharti lake, nalo ni kwamba mazoezi yenyewe yawe ya kiwango cha juu, yakiongozwa na wakufunzi walioandaliwa, na kila zoezi lifuatwe na mazungumzo ya kina juu ya kilichofanyika. Kwa kipimo hicho, kozi hii ilitekeleza nusu ya sharti. Matukio ya kuigiza yalipangwa vizuri, kama lile la mgonjwa anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, lakini mazungumzo ya baadaye yalikatwa mara kwa mara kwa sababu kundi lingine lilikuwa likisubiri mlangoni.

Sasa nifike wodini. Katika wiki za mwanzo wanafunzi hufika wakiwa kundi, huelezwa mpangilio wa wodi kwa haraka, kisha mkufunzi wao huondoka na kurudi mwisho wa wiki kusaini vitabu vya kumbukumbu. Anayebaki nao ni muuguzi wa zamu mwenye wagonjwa wake wengi, ambaye hakuulizwa kama yuko tayari kufundisha na hakupunguziwa kazi ili afundishe. Bila nia mbaya anawageuza kuwa mikono ya ziada: huyu apeleke sampuli maabara, yule atandike vitanda, wengine wasimame wakitazama. (Kutandika kitanda chenye mgonjwa ndani yake, niseme kwa haki, ni darasa zuri likipata mwalimu, kwa kuwa ndipo ngozi ya mgongoni na visiginoni inapokaguliwa kabla kidonda cha kulalia hakijaanza. Bila mwalimu inabaki kuwa shuka tu.)

Kitabu cha kumbukumbu kinaizidisha hali hiyo. Kila stadi ina idadi ya mara inayotakiwa kufanywa na nafasi ya sahihi, na hakuna mahali pa kuandika ilifanywa vipi. Mwanafunzi anayehitaji sahihi moja ya kuweka mpira wa mkojo atazunguka wodi akitafuta mgonjwa wa kumwekea, badala ya kujiuliza kama mgonjwa anauhitaji mpira huo. Nimekataa kusaini mara kadhaa kwa sababu hii, na nimeonekana mgumu. Chuo kinapaswa kukibadilisha kitabu hicho ili msimamizi aeleze, hata kwa sentensi moja, kama mwanafunzi alitazama, alisaidiwa, alifanya chini ya macho ya mtu, au alifanya mwenyewe na kazi yake ikakaguliwa.

Hatua hizo ndizo nilizoziona zikifanya kazi katika mwaka wa pili, chuo kilipoanza kumpangia kila mwanafunzi muuguzi mlezi mmoja. Tofauti ilikuwa kubwa. Mlezi wangu alinipa mgonjwa mmoja tu, akanitaka nimjue kikamilifu: kwa nini amelazwa, dawa zake ni zipi na kila moja ni ya nini, alilalaje usiku, anaogopa nini. Aliponiuliza matokeo ya shinikizo la damu hakuridhika na namba; alitaka kujua nilitumia mkanda wa ukubwa gani, kwa kuwa mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa kipimo cha juu kuliko kilicho halisi, na mtu anaweza kuongezewa dawa asiyoihitaji. Baadaye akaongeza mgonjwa wa pili, kisha wa tatu, na hapo ndipo nilipoanza kujifunza kitu ambacho darasa halikuweza kunipa, yaani kuamua nani aangaliwe kwanza.

Mwaka wa tatu unaendeleza jambo hilo kwa zamu za usiku na kwa kukabidhi zamu. Ninausifu hasa mtindo wa kumtaka mwanafunzi akabidhi wagonjwa wake kwa mdomo, mbele ya timu, kwa kueleza hali ya sasa, historia fupi, anavyoiona hali hiyo na anachopendekeza kifanyike. Ni hatua ngumu, kwa sababu aliyezoea kupokea maagizo sasa anaombwa maoni, lakini wahitimu waliopitia hapo humpigia daktari simu usiku wakiwa na maneno yaliyopangika.

Tangazo la kozi linasema kwamba mhitimu hutoka akiwa ameiva kwa kazi. Ahadi hiyo imezidi. Patricia Benner, mtafiti wa uuguzi wa Marekani, alieleza mwaka 1984 ngazi tano za kukua kwa muuguzi, kuanzia yule anayeshika kanuni kama zilivyo hadi bingwa anayeitambua hali ya mgonjwa kwa kumwangalia, na ngazi ya tatu aliihusisha na miaka miwili au mitatu ya kazi katika mazingira yaleyale. Mhitimu wa kozi hii, kwa ninavyowaona wanapoanza ajira, yuko kwenye ngazi ya pili, tena kwa uimara, na hilo linatosha kabisa iwapo mwajiri anajua kwamba bado anahitaji wa kumwongoza.

Kwa yote hayo ninaipendekeza kozi hii kwa anayetaka msingi mzuri wa nadharia na mikono iliyofunzwa kwa nidhamu, mradi aelewe kwamba wiki za mwanzo wodini atalazimika kujitafutia mwalimu. Anayelinganisha kozi kadhaa asiishie kuuliza idadi ya saa za vitendo. Sheria za Umoja wa Ulaya, kwa mfano, zinataka mafunzo ya muuguzi wa huduma za jumla yawe na angalau saa 4,600, nusu yake au zaidi zikiwa za mafunzo kwa wagonjwa, na namba kama hiyo ni mwanzo mzuri wa kulinganisha. Aulize pia ni wanafunzi wangapi watakaokuwa chini ya msimamizi mmoja, kama msimamizi huyo hupunguziwa wagonjwa siku anazofundisha, na kama anaweza kuonyeshwa ukurasa mmoja uliojazwa wa kitabu cha kumbukumbu.