Fundi alisema baiskeli yangu inalia kwa sababu ya uzito wangu

Niseme haki kwanza: breki alizirekebisha. Zamani nikizikamata mbele ya duka la mangi nasimama duka la tatu. Sasa nikigusa tu, baiskeli inatii. Ningekuwa na utulivu ningemsifia kwa hilo na kuweka kalamu chini. Utulivu sina. Mtu aliyepokea elfu kumi na nane yangu kwa awamu mbili alinitazama kuanzia kandambili hadi kilemba, akasema, "Mama, baiskeli ni nzima. Uzito wako ndio unailiza." Waliokuwa kwenye benchi wakisubiri kuzibiwa pancha wakacheka. Mmoja wao ni mzazi wa mwanafunzi wangu.

Na kijana huyo ni rika la mwanangu wa pili. Shikamoo yenyewe hakunipa.

Baiskeli ni mtumba wa Japani, ile ya kikapu mbele, naendea nayo kazini hapa Morogoro, upande wa Kihonda. Mlio ulianza masika yalipokuwa yakiisha. Kila mguu wa kulia ukishuka: kwi. Ukipanda, kimya. Ukishuka tena: kwi. Siku ya kwanza nilisimama nikachungulia kikapuni nikidhani nimebeba kifaranga cha watu. Wiki haikuisha watoto wa darasa la nne wakawa wananiita Mwalimu Kwikwi, maana kwa masikio yao baiskeli ilikuwa inalia kilio cha msibani.

Basi nikampelekea fundi, chini ya mwarobaini wake. Aliipindua juu chini, akazungusha pedali kwa mkono, akatega sikio. Kimya. Akasema ni gololi za kule katikati, pedali zinapozungukia. Akafungua, akaosha kwa mafuta ya taa, akaweka gololi mpya na grisi. Kazi safi, sikatai. Nilipofika kona ya kwanza: kwi.

Nikarudi baada ya siku chache. Safari hii ni cheni, akabadilisha cheni. Kona ile ile: kwi.

Mara ya tatu ndipo penye moto wangu. Aliipanda mwenyewe "kuijaribu". Mnajua mafundi wanavyojaribu baiskeli: siti yangu iko chini, yeye miguu mirefu, basi aliendesha amesimama juu ya pedali, akazunguka mwarobaini mara mbili kama mtoto aliyeiba baiskeli ya baba yake. Akashuka. "Mbona hailii?" Nikamwambia mimi inanililia kutwa. Ndipo akaniangalia, akatoa ule usemi wake.

Nilirudi nyumbani naikokota, kwa hasira tu. Haikuwa mbovu kiasi cha kukokotwa.

Aliyenitoa kwenye adha hii ni muuza mkaa. Alikuwa anasukuma yake, magunia mawili, jasho linamtiririka, mimi nampita nikilia kwi, kwi, kwi. Akaita: "Mwalimu! Hebu nyanyuka kwenye siti, endesha umesimama." Nikanyanyuka. Kimya. "Kaa sasa." Kwi. "Hiyo ni siti hiyo, wala usihangaike na pedali." Akaendelea na mkaa wake, hakudai hata maji ya kunywa.

Jioni niliazima spana kwa jirani. Nikachora alama ya chaki kwenye bomba linaloshika siti ili nisipoteze kimo changu, nikalegeza nati, nikalichomoa. Lilikuwa kavu kabisa, limeshika kutu, na mchanga wa masika umejaa mle ndani. Nikafuta bomba na tundu lake kwa kipande cha kanga, nikapaka grisi kidogo ya mia tano, nikarudisha, nikakaza. Nusu saa haikufika. Asubuhi niliingia getini kimya hadi mlinzi akashtuka.

Kumbe fremu ni mabomba ya chuma yaliyoungana. Kitu kikisuguana juu, mlio unasafiri, nawe unausikia miguuni. Ukikanyaga kulia, kiuno kinaegemea kulia, bomba kavu linajisugua kwenye tundu lake. Ndiyo maana ulifuata mguu, na ndiyo maana ikipinduliwa juu chini inanyamaza, kwani nani amekaa?

Kinachonikera zaidi ni kwamba kijana yule alikuwa amelishika jibu mkononi. Baiskeli ilikuwa inalia nikikaa! Angeufuata ufidhuli wake mwenyewe hatua moja mbele angefika kwenye siti. Aliishia kwenye makalio yangu.

Nilitaka niandike kwamba cheni ile alinibadilishia bila sababu, wizi mtupu. Cheni ya zamani ninayo, nikaipima kwa rula ya darasani. Pini na pini ni nusu inchi, kwa hiyo nafasi 24 zinapaswa kuwa inchi 12 kamili. Yangu ilizidi, na kuzidi kwenyewe kumepita moja ya nane ya inchi. Cheni ilikuwa imekwisha. Hapo nikalainika, nikafuta mistari mitatu niliyokuwa nimeiandika juu yake. Matusi hayakuwemo, ila yalikuwa karibu.

Basi juzi napanda kilima kidogo, nakanyaga kwa nguvu: tak! Cheni imeruka. Nakanyaga tena: tak! Goti nusura liguse usukani. Cheni mpya imekutana na friwili ya zamani, lile gurudumu dogo la meno nyuma linalovutwa na cheni, meno yamelika kwa kuzoeana na cheni iliyotanuka, sasa haziivi chungu kimoja. Fundi anayebadilisha cheni iliyochakaa kiasi kile bila hata kutupia jicho friwili, huyo nimsemeje? Mistari mitatu nimeirudisha kichwani.

Shida ni kwamba friwili haifunguki kwa spana ya jirani. Inataka kifaa chake chenye meno, na mtaani kwetu anacho yeye peke yake. Jumamosi nitampelekea. Akimaliza ataipanda mbele yangu, na ataipanda amekaa.