Vibao vya povu la alumini vya kufyonza nishati ya mgongano: tathmini baada ya kuvikata na kuvigandamiza

Vibao ninavyovitathmini hapa ni vya povu la alumini lenye seli zilizofungwa (vipovu vilivyotengwa kimoja na kingine kwa kuta za metali), vinavyouzwa kwa ajili ya kufyonza nishati ya mgongano nyuma ya bampa, chini ya sakafu za magari na ndani ya makasha ya kukinga vifaa. Uamuzi wangu nautoa mapema: povu lenyewe ni zuri na linafanya kazi yake, lakini karatasi ya vipimo inayoambatana nalo haimwezeshi mhandisi kukokotoa kinga yoyote ya kuaminika.

Vibao hivi hutengenezwa kwa kuyeyusha alumini na kuikoroga pamoja na kalsiamu, takriban asilimia 1.5 ya uzito, hadi iwe na mnato mkubwa, kisha kuitia unga wa haidridi ya titani, ambayo huvunjika kwa joto na kutoa haidrojeni inayoumua metali ndani ya kalibu. Mnato huo ndio msingi wa kila kitu, kwani metali ikiwa majimaji mno hutiririka kutoka kwenye kuta za vipovu kwenda chini kabla ya kuganda, kuta zikakonda na kupasuka, na vipovu viwili vikawa kimoja kikubwa. Katika vibao nilivyopokea mtiririko huo umedhibitiwa vizuri, ila haukuzuiwa kabisa: upande wa chini una seli ndogo zenye kuta nene, na upande wa juu una seli pana ambazo baadhi zimeungana.

Kipande cha kupimwa kisikatwe kwa msumeno wa mkanda, kwa sababu meno yake hukunja kuta za seli za pembeni, ambazo unene wake ni sehemu ndogo tu ya milimita. Kukata kwa waya wa cheche za umeme huchukua muda mrefu, lakini huziacha kuta hizo zimenyooka.

Thamani ya povu huonekana kwenye mashine ya kugandamiza. Mkazo, yaani nguvu kwa kila eneo, hupanda, hufika kilele kidogo, kisha grafu hulala. Katika hatua hiyo kipande hakibonyei chote kwa pamoja: tabaka moja dhaifu la seli hukunjika kwanza, kwa mlio hafifu wa kuta zinazovunjika, kisha tabaka jirani, huku seli zinazogusa mabamba ya mashine zikiwa bado nzima. Mkazo huongezeka polepole tu hadi seli nyingi zinapokuwa zimebanana, ndipo grafu hupanda kwa kasi. Vipande vyangu vyenye densiti ya gramu 0.23 hivi kwa sentimita ya ujazo vilitulia karibu na megapaskali 1.8, na hadi kubonyea nusu ya kimo, hiyo ni takriban juli 0.9 kwa kila sentimita ya ujazo. Kwa alumini isiyofika hata moja ya kumi ya uzito wa alumini isiyo na vipovu ya ujazo uleule, nayaona ni matokeo ya kufurahisha sana.

Muuzaji, hata hivyo, alipima vipande vya mchemraba vya milimita 20, ilhali seli za vibao vyake zina upana wa wastani wa milimita 4 hadi 5. Kiwango cha kimataifa cha ISO 13314, cha kupima metali zenye vinyweleo kwa kuzigandamiza, kinataka kila upande wa kipande uwe angalau mara 10 ya upana wa wastani wa kinyweleo (hapa, seli), yaani si chini ya milimita 45 hivi. Kipande kidogo namna ile kina seli nyingi zilizokatwa pembeni ambazo hazibebi mzigo ipasavyo, na majibu yake hutofautiana mno. Isitoshe, karatasi inataja “nguvu” moja tu bila kusema kama ni ya kilele au ni wastani wa ile sehemu tambarare, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama kitu kinachokingwa kitasalimika.

Densiti nayo imetolewa kwa wastani wa shehena nzima. Kwa kuwa nguvu ya povu hupanda takriban kwa kipeo cha 1.5 cha densiti, kipande chenye densiti ya gramu 0.26 kwa sentimita ya ujazo huwa na nguvu karibu mara moja na nusu ya kile cha 0.20. Kwa hiyo kila kipande kipimwe uzito na kupangwa katika makundi kabla ya kutumiwa. Ni kazi nyepesi yenye faida kubwa.

Pale ambapo mwelekeo wa mgongano unajulikana kwa hakika, sega la alumini (karatasi nyembamba zilizoungwa kwa umbo la sega la nyuki) hufyonza nishati zaidi kwa uzito uleule, lakini hudhoofika likigongwa kwa mshazari. Povu hili huvumilia mshazari na halishiki moto kama polistirini, japo likishabonyea halirudi na ni lazima libadilishwe. Nitavinunua tena, kwa sharti kwamba muuzaji atie alama ya upande wa juu na wa chini kwenye kila kibao kabla ya kuondoa ngozi ya kalibu, ili tabaka dhaifu lijulikane liko upande gani kabla kibao hakijagundishwa mahali pake.