Mafungo Bagamoyo: kaeni chini ya mbuyu wa Misheni

Walezi wa vijana mnaotafuta pa kuwapeleka vijana wenu kwa mafungo ya kiroho, nawaandikia kuhusu siku mbili tulizokaa Bagamoyo mwezi uliopita. Tulikuwa VIWAWA (Vijana Wakatoliki Wafanyakazi) kumi na mmoja kutoka parokia moja ya Dar es Salaam. Tulialikwa kutoa ushuhuda kwa wanafunzi wanaosomea utume wa vijana, nao walikuwa kama ishirini. Walitaka kusikia imani ikoje kwa kijana mwenye kodi ya chumba na kazi ya zamu, ambaye Jumapili nyingine inampita yuko kazini.

Siku ya kwanza tulikutana kwenye ukumbi wa kukodi mjini, jina naliacha. Mapangaboi manne, linalozunguka moja. Viti vimepangwa kama chumba cha mtihani. Nilisimama kueleza nilivyokaa miezi minane bila kusali baada ya kumzika mama, jambo ambalo hata dada yangu sijawahi kumwambia. Nilipofika pale nilipomwambia Mungu basi, sitaki tena, maiki ikazima. Fundi akaja kuhangaika na waya, mimi nimesimama na leso mkononi. Nikatazama mbele: wanafunzi wameinamia madaftari, wanaandika. Nikakatisha, nikarudi kukaa. Ukumbi ule siupendekezi kwa shughuli hii, hata wakupunguzie bei nusu.

Siku ya pili mlezi wetu akasema twende Misheni, kituo cha kale cha wamisionari Wakatoliki. Mkipita barabara ile yenye miembe mikubwa pande zote mbili, joto la mjini mnaliacha nyuma. Mbuyu ulioko pale ulipandwa mwaka 1868, mwaka uleule mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walipofika kutoka Zanzibar. Shina limemeza mnyororo. Kimebaki kipande kifupi kinachotokeza kwenye gome, ukikigusa ni cha baridi. Wengi hudhani ni wa watumwa, lakini inasimuliwa kwamba ni wa kumfungia punda wa mama mmoja aliyetumikia hapo.

Makumbusho yao nayapa sifa zote. Aliyetuongoza hakutukimbiza. Alituonyesha ulikolazwa mwili wa mmisionari na mvumbuzi David Livingstone mwaka 1874, baada ya watumishi wake, kina Susi na Chuma, kuubeba kutoka bara, lakini alikaa zaidi kwenye habari za watoto waliokombolewa utumwani, wakalelewa pale, wakakua na kuishi katika kijiji cha Misheni. Kwenye makaburi ya wamisionari tulisoma miaka ya kuzaliwa na kufa, na wengi walikufa wakiwa vijana. Kaka mmoja katika kundi letu alipiga hesabu ya kaburi moja, akanyamaza mpaka tulipotoka.

Kisha tukatandika mikeka kivulini mwa mbuyu. Mlezi akawaomba wanafunzi wafunge madaftari. Nikaanza upya, bila maiki, na safari hii nikamaliza. Mwanafunzi mmoja akauliza, "Dada, na sasa hivi unasali vipi?" Nikamwambia nasali kwenye daladala asubuhi, makumi mawili ya rozari, kituo kikifika nashuka na nimeishia hapo. Akakaa kidogo, akasema kwamba tangu aanze masomo hajasali hata mara moja bila kuwaza jinsi atakavyowafundisha wengine sala hiyohiyo. Wenzake wakaanza kusema ya kwao. Tulipangiwa saa moja, tukakaa karibu tatu, chakula kikapoa.

Chakula chenyewe tuliagiza kwa mama mmoja wa pale mjini: wali, samaki wa kukaanga na kachumbari, na kilitosha wote. Nyumba tuliyolala ilikuwa safi ila vyandarua vilitoboka, kwa hiyo bebeni vya kwenu. Fikeni kwenye mbuyu kabla ya saa nne asubuhi, maana kivuli kinahama na mtakuwa mnavuta mikeka kila mara. Wageni wengine nao hupita hapo kupiga picha, hivyo mwombeni mapema mhudumu awaelekeze upande ambao hamtakatizwa. Sisi alituweka upande wa nyuma ya shina, na hakuna aliyetusumbua.