Sprei ya silikoni kwenye mita ya spidi iliyoganda ya pikipiki ya babu, Triumph, uzoefu wangu

Naanza na bei maana najua ndo mtakachouliza kwanza. Kopo nimenunua elfu kumi na mbili hapa Moshi mjini, duka la spea za magari, linafanana na kopo la dawa ya mbu ila limebandikiwa mrija mwembamba pembeni, na huo mrija usiutupe. Nimekaa nalo wiki tatu sasa. Kabla ya hapo nilipoteza wiki nzima na mafuta mengine na nikakaribia kuvunja kitu ambacho spea yake hapa huipati hata ukiwa na hela.

Pikipiki ni Triumph Thunderbird, cc 650, ya miaka ya 50. Babu aliinunua kwa bosi wake wa shamba la kahawa akaiendesha mpaka magoti yakamgomea, ikaishia stoo chini ya magunia tangu mi sijazaliwa. Wanaozijua hizi wanajua taa ya mbele haijaning'inia peke yake, imemezwa na bati moja kubwa linaloshuka mpaka kwenye shokapu, na juu ya hilo bati ndo imekaa mita ya spidi, kimita kidogo cha chaji na swichi ya taa. Kwa kuangalia ni nzuri sana aisee. Kwa kufungua, unafanya kazi gizani kama mkunga.

Kwa maelezo ni kazi ya nusu saa. Unatoa taa, unaingiza mkono kwenye tundu lake, unafungua nati ya waya wa mita, ule unaoizungusha, unachomoa kibalbu, afu kuna kipande cha chuma kimepita mgongoni mwa mita kimebanwa na nati mbili ndogo, ukizitoa mita inanyanyuka kwa juu. Zile nati mbili tu zilinila siku nzima maana za Mwingereza za enzi hizo hazifuati milimita zetu, spana namba nane haiingii, namba tisa inacheza inataka kula kona za nati, mwisho nikachukua nane ya bei rahisi nikaipiga tupa kidogo kidogo mpaka ikakaa. Zikatoka. Waya ukatoka. Mita haisogei. Ukiizungusha haizunguki, ukiisukuma kwa chini ni kama unasukuma mbuyu.

Nikamwita kijana anayetengeneza bodaboda hapo mtaani, kijana mzuri tu na mkono wake mwepesi, ila haraka yake sasa! Hata sijamaliza kueleza kashapenyeza bisibisi chini ya pete ya kioo, rangi ikachubuka kama urefu wa kucha mbili. Anasema, "Kaka hii inataka nyundo kidogo tu, tunagonga kwa chini pale waya unapoingia inaruka yenyewe." Nikamwambia hapana mdogo wangu, hapo ndo kwenye roho yake. Na kweli, hii mita ni ya Smiths, kampuni ya Uingereza, aina wanayoiita Chronometric, ndani haina sumaku kama za saivi, ina magurudumu madogo madogo ya meno kama saa ya ukutani, na pale waya unapoingia ndo yote yanapoanzia. Ukigonga pale umetoa mita kweli, ila umetoa maiti.

Basi nikajifanya mjuzi. Nikachanganya mafuta ya taa na oili nikawa namwagia asubuhi na jioni kuzunguka pete, wiki nzima. Kuna jirani akasema weka mafuta ya breki, hilo nikalikataa maana mafuta ya breki yanabandua rangi kama maji ya moto na bati bado lilikuwa na rangi yake ya asili. Siku ya saba najaribu, naona kama ndo imezidi kukaza. Nikahisi nimechanganyikiwa. Nikachukua sindano ya kushonea magunia nikachokonoa pale kwenye upenyo, ikatoka na kitu cheusi kinanata.

Kumbe muda wote napigana na kutu ambayo haipo. Kati ya mita na bati kuna pete ya mpira, inazuia mtetemeko na maji, sasa ule mpira kwa miaka yote hiyo ya joto umeyeyuka ukashika bati kama ulimbo. Na mpira wa zamani ukiunywesha mafuta ya taa unavimba, kama maharage uliyoloweka usiku. Kwahiyo kila asubuhi nilikuwa naibana mita kwa mkono wangu mwenyewe na nalipia. Mafuta ya kulegeza kutu hayana kosa, ni ya chuma kwa chuma, nati ya waya ilifunguka kwa hayo hayo. Ila kwenye mpira ni adui.

Hapo ndo nikaenda kununua silikoni, kwa sababu yenyewe haiuvimbishi mpira, inateleza tu. Nikafuta mafuta ya taa yote kwa kitambaa nikaiacha siku mbili ikauke. Nikaazima draya ya nywele saluni kwa shemeji, nikawa napuliza joto kuzunguka pete bila kusimama sehemu moja, mpaka kiganja kikiwekwa juu kinavumilia kwa shida. Usizidishe hapo, namba za usoni ni rangi tu zitababuka. Afu nikachukua uzi wa nailoni wa kuvulia samaki, nikaupitisha chini ya pete nikawa nauvuta huku na huku kama msumeno, huku napulizia silikoni kwa ule mrija palepale uzi unapopita. Raundi ya kwanza hamna kitu. Ya pili uzi ukakatika mara mbili ila nikaona mita imegeuka kidogo, kama ile tofauti ya saa sita na saa sita na dakika moja, nikajua tumeshinda. Raundi ya tatu mke wangu kashika draya, mi mikono yote miwili iko ndani ya tundu la taa nasukuma kwa vidole kwenye kingo za mita, siyo katikati, ikatoka na mlio wa buti linalochomolewa kwenye matope.

Ile pete ya mpira upande mmoja ilikuwa bigijii kabisa, upande wa pili ngumu kama kifuniko cha ndoo, imepasuka. Nimechonga nyingine kwa tyubu ya baiskeli, itasogeza siku mpaka nipate ya kwake.

Sasa kwa nini siipi nyota tano. Wiki iliyopita nikapeleka bati kwa mpiga rangi afunike ule mchubuko wa bisibisi, akapiga, rangi ikajikunja ikatoka vijitundu kama macho ya samaki bati zima la juu. Akaniuliza uliweka nini hapa. Silikoni ikishagusa bati rangi haishiki, na ile sprei inasambaa mbali kuliko unavyoona kwa macho. Ilibidi akwangue, aoshe kwa tina mara kadhaa, apige upya, na akanitoza mara mbili na ana haki. Kwahiyo kama unampango wa kupaka rangi, funika bati lote kwa gazeti na gundi ya karatasi acha ule upenyo tu. Kwenye kopo hawajaandika hilo popote, au wameandika kwa maandishi ya chungu. Nyota nne.

Mita yenyewe nilimpelekea mzee mmoja fundi saa. Pete ya kioo kwenye hizi Chronometric inafunguka kwa kuzungusha, nayo ilikuwa imeganda, akaifunga mpira wa tyubu kuzunguka apate mshiko, akaipa joto kidogo, ikalegea bila kelele. Grisi ya ndani ilikuwa imekauka kama nta, akasafisha akaweka tone tone la mafuta ya saa, siku nne, akanichaji kidogo kuliko nilivyotegemea na akanisimulia habari za saa muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

Juzi nimeifunga nikampakia mjomba mpaka Marangu. Sindano ya hizi mita haipandi taratibu, inaruka hatua kwa hatua, ishirini, ishirini na tatu, ishirini na saba, ndivyo zilivyotengenezwa toka kiwandani. Mjomba kachungulia begani kwangu njia nzima, tumefika anashuka anajifuta vumbi, ananiambia, "Pikipiki nzuri, ila hiyo mita ungeipeleka kwa fundi, inarukaruka."