Kahawa, chai au chokoleti: nunua ipi ili pesa yako imfikie mkulima

Dada yangu anaishi London, na mara ya mwisho alipokuja Unguja alituletea paketi ya kahawa. Kuigeuza nyuma imeandikwa Tanzania, Kilimanjaro. Yani kahawa imelimwa Moshi, ikapanda meli mpaka Ulaya, ikakaangwa uko, ikarudi kwa ndege, alafu mimi nikaipakia boti kumpelekea mama Pemba. Dada alisema kailipia zaidi kidogo mana ina ile alama ya Fairtrade, biashara ya haki, na mkulima wake analipwa vizuri. Mama alikua kakaa uani anafungua mafundo ya taitai, vile vikamba vya kufungia mwani, akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kitu kimoja tu: "Huyo mkulima pesa anapewa kabla hajavuna au baada?"

Sikua na jibu. Lakini swali lake nalijua lilipotoka. Wakati mimi niko skuli mama alikua anafunga mbegu za mwani kwenye kamba, anasubiri kama wiki sita, anavuna, anaanika, na katikati ya hizo wiki sita watoto tunakula na ada inadaiwa. Kwaiyo anakopa dukani, unga, mafuta, sukari, na mwenye kumkopesha anamuelewa kwamba mwani ukikauka ndo atalipwa. Siku ya kupima mnunuzi anakuja na mzani wake na bei anaitaja yeye, na mtu mwenye deni hana uwezo wa kusema leo siuzi. Nakumbuka siku moja mama alibeba polo zake mbili za mwani, yani magunia, akazirudisha ndani kwa hasira, jioni akazitoa tena. Kwenye karafuu ni hivo hivo, ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, inatangaza bei na kila mtu anaijua, lakini kuna mtu kashauza karafuu zake ziko juu ya mti bado kwa sababu alikua na mgonjwa. Bei nzuri inamkuta si zake tena.

Ndo mana nilipoanza kutafuta jibu la mama niligundua kwamba kununua kwa haki na mikopo midogo ni jambo moja, watu tu ndo wanayatenganisha. Na jibu lipo: kwenye masharti ya Fairtrade, chama cha wakulima wadogo kikiomba, mnunuzi anatakiwa awasaidie kupata mpaka asilimia 60 ya thamani ya mkataba kabla mzigo haujasafirishwa. Hii kwangu ni kubwa kuliko alama yenyewe.

Kwaiyo huu mpangilio wangu, kwa nyinyi mnaonunua madukani hapa na kwa ndugu zetu walioko Uingereza, Kanada na kwengineko wanaozunguka na vitoroli supamaketi kila wiki, nimeupanga kwa kuangalia mkulima anapata pesa mapema au la, bei ya chini anaijua au la, na kama ana sehemu yake kwenye biashara yenyewe.

NAMBA MOJA: KAHAWA YA VYAMA VYA USHIRIKA

Kahawa ndo iko juu na sina wasiwasi nayo. Biashara ya alama hizi yenyewe ilianzia kwenye kahawa, mwaka 1988 Uholanzi, kwa kahawa ya wakulima wadogo wa Mexico. Mwaka uliofata mkataba wa kimataifa uliokua unashikilia bei ya kahawa ukavunjika na bei ikawa inakwenda inavyotaka. Mwaka 2001 kahawa duniani ilianguka mpaka chini ya senti 50 za dola kwa ratili (kama gramu 450), watu waling'oa mibuni yao, na wakati huo huo bei ya chini ya Fairtrade kwa arabika, aina moja ya kahawa, ilikua dola 1.21 na juu yake nyongeza ya senti 5 inayokwenda kwenye chama chao. Hiyo tofauti ndo mtoto anabaki skuli au anatolewa. Agosti 2023 bei ya chini ya arabika iliyooshwa ilipandishwa kutoka dola 1.40 mpaka 1.80 kwa ratili, na nyongeza ilikua senti 20. Bei ya soko ikiwa juu ya hapo, mkulima analipwa ya soko, ile ya chini inakaa kama godoro akianguka.

Sasa tupige hesabu mana hapa watu wengi wanadanganyika. Paketi ya gramu 250 ya kahawa iliyokaangwa imetokana na kama gramu 300 za buni mbichi, kahawa ikikaangwa inapungua uzito. Gramu 300 ni kama theluthi mbili za ratili, kwaiyo nyongeza inayokwenda kwenye chama ni senti 13 hivi, tukikadiria dola kwa shilingi 2,500 ni kama 330. Ukiona paketi yenye alama imezidi mwenzake kwa shilingi elfu nane usijiambie elfu nane yote imekwenda Moshi. Nyingi imebaki njiani, kwa mkaangaji, msafirishaji, duka.

Ndo mana mimi kwenye kahawa natafuta zaidi kitu cha tatu, umiliki. Kule Bukoba chama cha ushirika cha Kagera, KCU, kilitumia pesa za nyongeza ya Fairtrade kununulia hisa kwenye TANICA, kile kiwanda cha kahawa ya kuyeyuka. Yani mkulima anauza buni na bado ana sehemu kwenye kiwanda kinachoisaga. Ukikuta kopo la TANICA dukani kwako, hata kama halina alama yoyote ya Ulaya, mimi nakwambia chukua, mana kazi ya kusindika imebaki nyumbani. Kwa walioko nje, tafuteni paketi yenye alama na jina la chama kilicholima, kama KNCU ya Kilimanjaro ambayo ipo tangu 1933. Paketi iliyoandika "kahawa ya Afrika" bas inakuficha.

Na buni ya kukaanga mwenyewe, hii ya sokoni Darajani ambayo tunaikaanga mpaka mtaa mzima unanukia, muulize muuzaji kaitoa wapi. Wengi watasema Bukoba na mazungumzo yanaishia hapo. Lakini waulizaji wakiwa kumi kwa siku na yeye atamuuliza anaemletea.

NAMBA MBILI: NUNUA CHA KAWAIDA, TOFAUTI IPELEKE KWENYE MKOPO

Najua si bidhaa hii, lakini baada ya ile hesabu ya senti 13 siwezi kuacha kuiweka. Kama paketi ya alama inakuzidi elfu nane na bajeti yako imebana, nunua ya kawaida, zile elfu nane zikusanye kwa miezi kadhaa, alafu mkopeshe mkulima.

Mikopo hii ya kidogo kidogo ilianza kujulikana Bangladesh, Muhammad Yunus mwaka 1976 alipowakopesha watu 42 wa kijiji cha Jobra dola 27 tu kwa jumla, mana walikua wanashindwa hata pesa ya mianzi ya kusukia vigoda, na hapo ndo ikazaliwa Grameen ambayo ilikua benki kamili 1983. Saivi kwa mtandao kuna Kiva, ipo tangu 2005, unaanza na dola 25, unachagua mtu na shughuli yake, akilipa unarudishiwa pesa yako ile ile bila ya nyongeza. Kuna vitu viwili ujue kabla. Kwanza, wewe hupati riba, ila taasisi ya kule kwa mkopaji mara nyingi inamtoza, kwaiyo soma ukurasa wake vizuri uone anatozwa kiasi gani, na sisi wengi wetu hili jambo la riba ni zito, usilifumbie macho. Pili, mara nyingi yule unaemuona pichani keshapewa pesa, yako inakwenda kujaza pengo kwa taasisi ili imkopeshe mwengine. Si uongo, wameandika wenyewe, ila watu hawasomi.

Kwa aliepo hapa visiwani njia fupi zaidi ni kikundi cha kuweka na kukopa. Kikundi cha mama kina sanduku la bati lenye kufuli tatu, na funguo wanakaa nazo kina mama watatu tofauti, yani halifunguliki mpaka wote watatu waje. Linawekwa katikati ya mkeka, kila mtu anaitwa kwa namba yake, anaweka hisa zake mbele za watu, moja mpaka tano, kijitabu kinagongwa muhuri. Ukikopa mwisho wako ni mara tatu ya ulichoweka. Wao walikataa nyongeza kwenye mkopo, badala yake kila mkutano wote wanatoa mchango mdogo sawa kwa sawa. Mwaka ukiisha wanagawana. Tangu aingie humo mama hajakopa tena dukani kwa ahadi ya mwani, na siku bei ya mnunuzi haimpendezi polo zinabaki ndani mpaka wiki nyengine. Mtu alieko nje akitaka kumsaidia shangazi yake anaelima, amlipie hisa, ni bora kuliko kumtumia pesa ya kula kila mwezi.

NAMBA TATU: CHAI

Chai tunakunywa kuliko kahawa kwaiyo ingefaa iwe juu, ila inashuka kwa sababu mashamba mengi ya chai yana mwenyewe na wachumaji ni vibarua. Huko nyongeza inakwenda kwa kamati ya wafanyakazi, wanaamua wenyewe waifanyie nini, na ni kitu kizuri, lakini si sawa na mtu mwenye mche wake. Tafuta chai ya wakulima wadogo. Kule Rungwe, Mbeya, wakulima wadogo waliunda chama chao, RSTGA, kikawa na hisa kwenye kampuni iliyokua inasindika majani yao. Ukipata chai ya Rungwe hapa dukani, na inapatikana, chukua.

Alafu jambo la kujua kwenye chai, kakao, sukari na juisi: kiwandani zinaruhusiwa kuchanganywa na zisizokua na alama, ilmuradi kiasi kilichouzwa kwa alama kinalingana na kilichonunuliwa kwa masharti. Pesa inamfika mkulima, ila majani yaliyomo kikombeni mwako yanaweza kuwa ya shamba jengine. Ukiona kimshale pembeni ya alama, geuza paketi, maelezo yapo nyuma.

NAMBA NNE: CHOKOLETI

Hii ndo zawadi ya kila anaerudi kutoka Ulaya na kila mtoto anaipenda, ila kwenye hesabu inanisikitisha. Nyongeza ya kakao iliyoanza 2019 ilikua dola 240 kwa tani, kwaiyo gramu mia za kakao ni senti mbili na nusu hivi, shilingi 60. Bei ya chini iliyoanza Oktoba 2019 ilikua dola 2,400 kwa tani, na 2024 soko lilipita dola 10,000, lile godoro la bei ya chini likawa halina kazi mwaka huo.

Ila ipo moja naipa heshima yake. Wakulima wa Ghana wa Kuapa Kokoo, waliojiunga 1993, walikua na hisa kwenye kampuni ya Divine ya Uingereza tangu inaanza 1998, wakulima wa kakao wenye hisa kwenye chokoleti yenyewe. Zilifika asilimia 45. Baadae kampuni ya Kijerumani ikachukua sehemu kubwa na wao wakabaki na ndogo, na mimi hilo liliniuma, lakini bado ni zaidi ya wanachopata wengi. Kwaiyo dada akiuliza alete ipi, namwambia hiyo.

Mchele na sukari sitaki kukupotezea muda. Upo mchele wa Fairtrade wa India na Thailand, lakini hapa sisi tunakula mapembe na basmati za kwenye mapolo na sijawahi kuona hata polo moja lenye alama. Walioko Ulaya wakiukuta wachukue.

YA MWISHO KABISA: "UKINUNUA HIKI TUNAMSAIDIA MKULIMA"

Paketi yenye picha ya mama anacheka na kapu kichwani na maneno kwamba sehemu ya mapato inakwenda kuwakopesha wanawake wa vijijini. Sehemu gani? Shilingi ngapi kwa paketi? Anaekopesha nani na wapi? Kama majibu hayapo kwenye paketi wala kwenye tovuti yao, hiyo ni picha tu. Yakiwepo yote matatu, ipandishe mpaka namba mbili, mana zipo kampuni zinafanya kweli.

Na ile alama ya chura wa kijani, Rainforest Alliance, ambao waliungana na wenye alama nyengine, UTZ, mwaka 2018, si feki, wanaangalia misitu na hali za wafanyakazi, lakini hawana bei ya chini iliyowekwa kama Fairtrade. Neno "organiki" nalo linahusu dawa na mbolea, halisemi kitu kuhusu bei ya mkulima.

Boti ya wiki ijayo ina mzigo wangu kwa mama, kopo moja la TANICA na chai ya Rungwe robo kilo, na hela ya hisa zake tano. Lile swali lake nilimpa jibu kwa simu, nikamwambia wanaweza kupata mpaka asilimia 60 kabla. Akanyamaza kidogo, akasema, "Na sisi wa mwani lini?"