Mafunzo ya Presha Nusu Uwanja, Mbeya: Yanamfaa Nani, Yamepungua Wapi

Mafunzo haya ni ya siku mbili, Jumamosi na Jumapili, kwa makocha wa mpira wa kikapu wa shule na wa timu za mtaani wanaotaka vijana wao wakabe mtu kwa mtu kwa presha kuanzia mstari wa katikati. Kiwanja ni cha zege, cha wazi, ndani ya jiji la Mbeya. Ada ni shilingi 40,000, na humo kuna chai ya saa nne, chakula cha mchana na kitini cha kurasa 12. Pesa hiyo ina thamani yake, na sababu kubwa ni moja: muda mwingi unakwenda kwa wale wachezaji wanne ambao hawamkabi mwenye mpira.

Timu nyingi za shule zinafundishwa kinyume. Kijana mwepesi kuliko wote anaambiwa amzonge pointi gadi (mwanzisha mashambulizi) wa wapinzani, wenzake wanne wanabaki kukaba kwa macho. Pasi ya kwanza inatoka bila taabu, winga anapokea akiwa na nafasi ya kugeuka na kutazama ringi, na jasho lote la yule kijana limekwenda bure. Baada ya dakika tano kocha anaamua presha haifai, anarudi kwenye zoni, yaani kila mmoja kulinda eneo badala ya mtu.

Tena kwetu ulinzi bado unahesabiwa kwa bloku. Inaeleweka. Mtanzania mwenzetu Hasheem Thabeet alichaguliwa wa pili kwenye drafti (uteuzi wa wachezaji wapya) ya NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, mwaka 2009, akaenda Memphis Grizzlies, na kilichomfikisha huko ni kuzuia mitupo chini ya ringi alipokuwa Chuo Kikuu cha Connecticut. Ila Thabeet ana zaidi ya mita 2.2. Shule ya kata ambayo mrefu wake ana mita 1.80 haiwezi kumsubiri mpinzani chini ya ringi; inabidi imsumbue kabla hajafika, na mafunzo haya yanaanzia hapo.

Asubuhi ya kwanza ni ya kumkaba mwenye mpira. Mkabaji anasimama umbali wa mkono mmoja, miguu imepanuka kuzidi mabega, makalio chini, pua yake ikilenga bega la ndani la mshambuliaji, yaani lile la upande wa katikati ya uwanja. Mguu wake wa ndani unakuwa mbele. Kwa mkao huo njia ya katikati inafungwa na mpira unasukumwa pembeni. Mpira ukiwa katikati, mshambuliaji ana pasi kushoto na kulia, na wenzako hawajui nani asaidie. Ukiwa pembeni, mstari wa nje unakukabia upande mmoja bure.

Kosa linalojitokeza kwa karibu kila anayejifunza mkao huu ni kujigeuza mno, mpaka mpinzani anapata njia nyoofu ya kushuka hadi mstari wa mwisho. Wawezeshaji wanalirekebisha vizuri sana. Wanachukua chaki, wanachora mstari juu ya zege kutoka ulipo mpira hadi chini ya ringi, kisha wanamwambia mshiriki asimame. Mstari usipopita kati ya miguu yake, ameshaachwa, hata kama mwenyewe anaona yuko sawa. Zoezi hili halihitaji kifaa chochote, na kijana wa kidato cha kwanza analielewa papo hapo.

Kuhusu mikono, mkono wa chini unafuata mpira ukiwa kiganja juu, na hakuna kuchapa kutoka juu kwenda chini. Kwa sheria za FIBA, shirikisho la mpira wa kikapu duniani, timu ikishafikisha faulo nne kwenye robo, faulo ya ulinzi inayofuata inampa mpinzani mitupo huru miwili. Timu ya presha inayopenda kuchapa hufika hapo robo ikiwa mbichi, na kuanzia wakati huo kila mguso ni zawadi. Ningependa jambo hili lingepewa zaidi ya dakika chache lililopewa.

Kipande kinachopendeza kuliko vyote asubuhi hiyo ni cha mshambuliaji aliyemaliza dribo (kudundisha mpira). Mara anaposhika mpira kwa mikono miwili, mkabaji anasogea karibu kabisa, mikono juu ya mpira, anapiga kelele “Amekwama! Amekwama!” Kwa kelele hiyo wenzake wote wanaacha nafasi za msaada na kila mmoja anamfunga mtu wake asipate pasi. Sheria inawasaidia: mchezaji aliyeshika mpira na kukabwa kwa umbali usiozidi mita moja anatakiwa kupasi, kutupa au kudribo ndani ya sekunde 5, na huyu dribo hana tena. Ukifundisha neno hilo moja na kuhakikisha wanalitamka kwa sauti, utapata mipira mingi kuliko kwa kupora mikononi.

Mchana ndio kiini cha mafunzo, zoezi la wanne kwa wanne linaloitwa sheli. Washambuliaji wawili wanakaa juu, yaani mbali na ringi kuelekea katikati, wawili pembeni kwenye winga, na mbele ya kila mmoja kuna mkabaji wake. Saa tatu nzima ziliwekwa hapa, na hazikuzidi.

Chukua mpira ukiwa juu kulia. Anayeukaba anausukuma pembeni. Mkabaji wa winga wa kulia anafunga njia ya pasi: mkono na mguu wa mbele ndani ya njia, kidole gumba kikielekea chini, kiganja kikiutazama mpira, kidevu juu ya bega ili aone mpira na mtu wake kwa pamoja. Mkabaji wa juu kushoto naye yuko pasi moja tu kutoka kwenye mpira, lakini yeye hafungi kabisa. Anarudi hatua moja chini ya njia ya pasi, kwa sababu pasi ya juu kwenda juu haimtishi mtu, na mwili wake unahitajika kuziba upenyo wa katikati. Wa winga ya kushoto, aliye pasi mbili mbali, anaweka mguu ndani ya eneo la sekunde tatu (lile lililochorwa mbele ya ringi), mkono mmoja ukiuonyesha mpira na mwingine ukimwonyesha mtu wake.

Mpira ukienda winga ya kulia, wote wanne wanahama. Wanahama mpira ukiwa hewani. Kosa linaloua timu ni kusubiri mpira udakwe ndipo mguu utembee. Kwa muda huo mshambuliaji ameshapata hatua yake ya kwanza. Ndiyo maana mwezeshaji anapuliza filimbi mara tu mpira unapogusa mikono ya mpokeaji, kila mtu anaganda, na makosa yanahesabiwa hapo hapo. Wakabaji waliokuwa juu sasa wamebadilika: wa kulia amerukia upande wa mpira ili aliyepasi asikate, yaani asikimbilie ringini, mbele yake, wa kushoto amezama hadi ndani ya eneo, na wa winga ya mbali yupo karibu kabisa na ringi.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hulikosea kwa kutazama mechi za NBA usiku. Kule mlinzi asiyemkaba mtu kwa karibu haruhusiwi kukaa ndani ya eneo zaidi ya sekunde tatu. FIBA haina kanuni hiyo kwa walinzi. Sekunde tatu ni za washambuliaji peke yao. Mlinzi wako wa msaada anaweza kukaa humo muda wote. Kocha anayempigia kelele kijana wake atoke anajivunjia ulinzi mwenyewe.

Hatua ya pili ya sheli inaruhusu kupenya kwa mstari wa mwisho. Mkabaji wa winga akiachwa, mlinzi wa chini wa upande wa mbali anavuka na kuusimamisha mpira kabla haujaingia ndani ya eneo, miguu yote miwili ikiwa imetulia. Akichelewa na kukutana naye chini ya ringi, ni faulo au ni pointi mbili. Mlinzi wa juu wa upande huo anashuka kumchukua mtu aliyeachwa, na yule wa juu upande wa mpira anarudi katikati kusubiri pasi ya kutokea. Bila kushuka kwa yule wa juu, msaada unageuka hasara, kwani pasi moja ya kuvuka inamkuta mtu peke yake mlangoni. Ukiona timu yako inafungwa vikapu vya bure kila inaposaidiana, mchunguze huyo kwanza, usimlaumu aliyevuka.

Hatua ya tatu inaongeza kukata, ya nne ni mchezo kamili hadi ribaundi (kudaka mpira uliokosa kuingia). Walinzi hawatoki mpaka wazuie mara tatu mfululizo, na bila ribaundi haihesabiki. Sharti hilo ni zuri, kwa sababu presha humtoa mtu kwenye nafasi yake na huku nyuma wapinzani wanaokota mpira wa pili.

Siku ya pili ilikuwa na mbio zaidi na kina kidogo. Kumkimbilia mpokeaji aliyeachwa wazi kulifundishwa vizuri: theluthi mbili za umbali kwa kasi, kisha hatua fupi fupi, mkono mmoja juu, uzito nyuma. Lakini picha zilizo kwenye kitini ni za sakafu ya mbao, na hapakuwa na neno juu ya vumbi. Viwanja vyetu vya wazi kati ya Juni na Septemba vina vumbi jembamba juu ya zege, na raba iliyolika haishiki. Anayeanza breki mita mbili kabla ataserereka na kupitwa. Mfundishe aanze mapema zaidi, na kiwanja kifagiliwe kabla ya kila kipindi. Asubuhi za Juni na Julai pia ni za baridi kali. Misuli isiyopashwa vizuri haitakubali mkao wa chini.

Posti, yaani kumkaba mshambuliaji aliyesimama karibu na ringi akiipa mgongo, ilipewa muda wa kutosha: mlinzi anasimama robo tatu mbele ya mtu wake upande wa mpira, na pasi ya juu inaachiwa msaidizi wa upande wa mbali. Hilo linakubalika ikiwa tu anayepasi anasumbuliwa. Akiwa huru, pasi ya juu ni rahisi.

Skrini, yaani mshambuliaji kumzibia njia mkabaji ili mwenzake mwenye mpira apite, ndiyo sehemu dhaifu. Nusu saa haitoshi. Walionyesha mlinzi wa yule mrefu aliyeweka skrini akitoka hatua mbili kumzuia mwenye mpira, kisha akirudi kwa mtu wake, huku mkabaji wa mpira akipita juu ya skrini. Sawa, lakini hawakuonyesha nani anamshika yule mrefu wa mpinzani anapoviringika kwenda ringini wakati huo. Jibu limo ndani ya sheli yao wenyewe: ni mlinzi wa chini wa upande wa mbali, yule yule. Wangeunganisha mambo hayo mawili, washiriki wangeondoka na mfumo mmoja badala ya vipande.

Mtego nao ulibaki nusu. Mahali palitajwa vizuri: kona ya chini, na pale pembeni hatua chache baada ya kuvuka katikati, ambapo mpira hauruhusiwi kurudi nyuma na mstari wa katikati unakuwa mlinzi wa ziada. Wawili wanafunga pengo kwa miguu, mikono juu, hakuna kupora. Wawili wengine wanavizia pasi za karibu, mmoja analinda ringi. Kilichokosekana ni kitakachofuata pasi ikipita katikati yao, na hapo ndipo timu changa hufungwa vikapu vitatu mfululizo. Kanuni ya kuwapa ni hii: pasi ikitoka mtegoni, wote watano wanakimbilia ndani ya eneo kwanza, kisha kila mmoja anamchukua aliye karibu, hata kama si mtu wake wa awali.

Kitini kina michoro safi na maneno ya kutosha, ila hakina ratiba. Kwa timu inayofanya mazoezi mara tatu kwa wiki, wiki mbili za kwanza ziwe za mkao, chaki na sheli hatua ya kwanza pekee. Wiki ya tatu ingiza kupenya, ya nne kukata na posti. Skrini zije ya tano. Mtego uje mwisho kabisa, na kama UMISSETA (mashindano ya shule za sekondari) imekaribia, uache usubiri. Andaa wachezaji wanane au tisa wanaojua mfumo, maana Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na presha ya kweli haibebwi na watano kwa robo nne za dakika 10.

Kocha mwenye misingi ya mchezo atanufaika sana. Anayeanza kabisa, asiyejua bado kufundisha pasi na dribo, atapotea kufikia mchana wa kwanza. Shule ikiweza ilete wawili: mmoja acheze ndani ya sheli, mwingine akae nje atazame miguu, kwani makosa mengi ya nafasi hayaonekani ukiwa ndani. Njoo na raba zenye soli nzima, sweta, chaki na daftari lako, kwa sababu nafasi ya kuandika kwenye kitini ni finyu.